Kamba ya Kikapu cha Mama Bishoi

Kila alasiri, Shahenda alipotoka kwenye mazoezi ya mpira wa mikono, kikapu kilikuwa kikimngoja. Mama Bishoi wa ghorofa ya tatu, ambaye magoti yake yalikwisha kukataa ngazi, alikiteremsha kwa kamba kutoka roshani hadi mlangoni pa tanuri la mikate. Shahenda alichukua chenza iliyokuwa ndani, ambayo ndiyo ujira wake, akatia mikate ya moto, kisha akaivuta kamba mara moja, ishara ya kukipandisha.

"Mikono ya chuma hiyo, mwanangu!" Mama Bishoi alipaza sauti, na mtaa mzima wa Shubra ukasikia. "Utaidakia timu ya taifa!"

Wiki moja, Shahenda hakuonekana. Kijana mmoja mwenye pikipiki nyekundu alikuwa amezoea kumfuata barabarani akimwambia maneno machafu, kwa hiyo alianza kuzunguka kwa kichochoro cha nyuma. Hakumwambia mtu. Binamu yake Rawan aliwahi kusema kwao jambo kama hilo, na papo hapo akakatazwa kwenda kilabu cha michezo. Mashindano ya shule yalikuwa yamekaribia, naye Shahenda ndiye golikipa. Basi akanyamaza, akajiona mjanja kweli kweli.

Lakini kichochoro kile hakikuwa na hata dirisha moja. Siku ya Jumatano kijana alimvizia huko huko, akaziba njia kwa pikipiki, akaushika mkoba wake.

"Leo unakimbilia wapi, mrembo?"

Shahenda aliuachia mkoba, akatimua mbio kurudi barabarani, kijana nyuma yake. Alitaka kupiga kelele, sauti ikamkauka. Mbele ya tanuri aliona kikapu kikining'inia. Aliikamata kamba kwa mikono miwili, akaivuta, akaivuta tena.

"Polepole, utaniangusha!" Mama Bishoi akachungulia. Akauona uso wa mtoto, kisha akamwona kijana. "We mshenzi, mwache binti yetu! Nagla! Mama Karim! Tokeni nje!"

Milango ya roshani ikafunguka huku na huku. Jirani mmoja aligonga sufuria kwa mwiko. Mwingine alimwaga beseni la maji ya vyombo, na namshukuru Mungu kwamba alikuwa na shabaha nzuri. Haji Sabri, mwoka mikate, alitoka na koleo lake refu la tanuri. Kijana akabaki amesimama, analowa, hana pa kupita.

"Nilikuwa natania tu, Haji."

"Kamtanie babu yako. Twende, namfahamu vizuri."

Jioni ile mama yake Shahenda alilia, kisha akasema neno lile lile ambalo binti yake aliliogopa. "Basi. Mpira umekwisha."

Mama Bishoi alikuwa ameketi pale sebuleni, ameupakata mkoba wa Shahenda uliookotwa kichochoroni, anahema. "Nimeshuka ngazi zote zile kwa magoti haya nije kusikia hivyo? Aliyekosa ni yule. Mbona unamfungia huyu?"

"Nitamlindaje, dada? Mimi natoka kazini magharibi."

"Nani kasema umlinde peke yako? Sisi sote tuna kamba."

Kuanzia Jumamosi, wasichana walipokuwa wakirudi, vikapu viliteremshwa mtaa mzima, kila kimoja na kengele ndogo ya kuitia msaada. Haji Sabri alihamishia kiti chake nje. Babu wa kijana aliifungia pikipiki, akamleta mjukuu wake kuomba radhi mbele ya watu. Hata Rawan akarudishwa kilabu.

Jumamosi hiyo ya kwanza mama yake Shahenda aliomba ruhusa kazini, akaja kumpokea. Wakatembea pamoja chini ya vikapu.

"Umenikosea jambo moja tu," mama alimwambia. "Ulificha kosa lisilo lako. Aibu ni ya anayetenda, si ya anayetendewa. Mtu akikusumbua, niambie siku ya kwanza, au mwambie mtu mzima yeyote unayemwamini. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama. Na mpira?"

"Golikipa asipokwenda, nani atadaka?"

Shahenda alijawa na shukrani hata machozi yakamlenga. Akainua uso, na safari hii sauti haikumkauka. "Ahsanteni, mama zangu!"

Kengele zikalia kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Ndipo alipotazama ndani ya vikapu. Kila kimoja kilikuwa na chenza, na golikipa wetu, pamoja na mikono yake ya chuma, alishindwa kuzibeba zote.