Mipira Iliyobaki Dukani

"Usinifokee, Mbaruku. Hapa ni dukani, si sebuleni kwenu."

"Sifoki. Nauliza tu: umemlipa nini?"

Benedikta aliweka viganja vyake juu ya kaunta asije akamrushia kitu. Mbele yake kulikuwa na mipira ya kupitishia mafuta ya breki, ya aina mbili, yote imesukwa kwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Ile ya Mbaruku, aliyoinunua kwa dereva mmoja wa Nairobi, ilikuwa wazi, inang'aa kama bangili ya bibi harusi. Ile ya Benedikta ilikuwa imevikwa ganda jeusi la plastiki, haina sura wala haiba.

"Leodegar ni baharia, meli yake ilikuwa inakwenda Japani. Ni mtu wa kwetu Ndanda, nikamwagiza. Pesa yangu, zawadi yako. Sasa kosa liko wapi?"

"Ndiyo mkapeane Mnazi Mmoja, mnacheka, dunia nzima inawatazama?"

"Ulitaka tupeane wapi? Chumbani?"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri boliti walicheka. Hapo ndipo Mbaruku alipoharibika kabisa. Mwanamume anayechekwa hadharani hasikii tena neno.

Benedikta alishusha sauti. "Mpenzi, msahau Leodegar, tazama mpira. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Waya ulio wazi unaingiza mchanga, mchanga unausaga mpira wa ndani kidogo kidogo. Nje unang'aa, ndani umeliwa. Na huko mnakokwenda kushindana ni vumbi tupu."

"Najua."

"Kama unajua, chagua kwa akili."

"Kitu alicholeta mwanamume mwingine hakifungwi kwenye gari langu."

Aliizoa mipira yake, akatoka. Bugaluu lake la rangi ya maziwa, suruali pana miguuni, lilifagia vumbi lote la Gerezani, na viatu vyake vya raizoni, vyenye soli nene, vikagonga sakafu kama nyundo. Ile myeusi ikabaki pale pale juu ya kaunta.

Walikuwa wamekutana mwaka uliotangulia, mwaka wa sabini na tano, kwenye foleni ya sukari Kariakoo. Datsun nyekundu ya Mbaruku, gari la mashindano lenye milango miwili, ilizimika katikati ya mikokoteni, na wachukuzi wakaanza kumtukana. Benedikta, gauni lake la maua limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, aliacha nafasi yake kwenye foleni akaenda kusukuma. Sukari ya wiki ile aliikosa. Mbaruku alisema angemlipa kwa asali, naye akamjibu kwamba asali ya maneno haikorogwi kwenye chai.

Baada ya hapo simu ya dukani haikutulia.

"Halo, duka la spea?"

"Ndiyo, bwana. Unatafuta nini?"

"Moyo. Wangu umechoka."

"Lete wa zamani tupime. Bila sampuli hatuuzi."

Ndivyo duka lile lilivyofanya kazi. Mteja alileta kifaa kilichokufa, kikawekwa kauntani, ndipo akatafutiwa kingine cha kufanana nacho.

Jioni Benedikta alikuwa akimsaidia Mbaruku kutoa hewa kwenye breki, maana kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Mbaruku alilala chini ya gari na spana, Benedikta alikaa kwenye usukani, amevua viatu.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

"Achia!"

"Siachii, baba. Nikuachie uende kwa nani?"

Shaibu, binamu yake Mbaruku na msoma ramani wake, alikuwa akicheka hadi analishika tumbo. "Shemeji, muoe wewe huyu. Yeye anachelewa mno."

Baada ya ugomvi ule Mbaruku alipiga simu mara moja tu, kutoka Tanga, siku moja kabla ya mashindano kuanza.

"Bene, tumefika. Nikirudi tutazungumza."

"Umefunga ipi?"

Simu ilikwaruza. "Nimesema nikirudi tutazungumza."

"Haya. Kanyaga taratibu, basi."

Kwenye mteremko wa vumbi, huko milima ya Usambara, pedali ya breki ilizama hadi sakafuni. Mbaruku alivunjika mkono. Shaibu alirudishwa Dar es Salaam amefunikwa shuka.

Benedikta alifunga duka akaenda msibani Mtaa wa Sikukuu, amejitanda kanga. Alipita katikati ya wanawake hadi alipoketi Bi Siti, mama yake Shaibu.

"Shikamoo, mama."

Bi Siti alitazama ukutani. Wanawake walisogeza mikeka, si kumpa nafasi bali kumkwepa. Mmoja akasema wazi, "Ndiye yule muuza spea. Mbaruku kasema breki zilitoka kwake."

Benedikta alirudi kwa miguu hadi Gerezani. Njiani hakulia, ila alipoiona mipira myeusi bado iko juu ya kaunta, alilia.

Siku zilikwenda. Arobaini ya Shaibu ilipokaribia, Mbaruku aliingia dukani, amekonda, mkono umening'inia kwenye kitambaa. Hakuvaa raizoni, alivaa kandambili. Akaweka kipande cha mpira juu ya kaunta.

"Nimeleta wa zamani," alisema. "Upime."

Benedikta alikikunja kwa vidole. Waya ulikuwa ungali unang'aa. Chembe za mchanga zilimwagika juu ya kaunta, na mpira wa ndani ulikuwa umelika hadi tundu.

"Bene, nisamehe. Nilijua, lakini wivu ulinipofusha. Nataka kukuoa. Nitakuja kwa wazee wako Ndanda, kama ni Padri nitaongea naye, lolote."

Tusidanganyane, Benedikta alikuwa bado anampenda, na kama Mbaruku angemshika mkono dakika ile, hadithi ingekuwa nyingine.

"Nyumbani kwenu uliwaambia nini?"

Mbaruku aliinamisha kichwa. "Waliniuliza breki nilizipata wapi. Nikasema… dukani kwako. Mama mdogo Siti alikuwa ananitazama, Bene. Ningesemaje?"

"Ungesema ukweli."

"Nitasema. Arobaini ipite kwanza, watu wapoe."

"Wapoe huku mimi naungua? Umeniachia nibebe maiti ya ndugu yako, halafu unaniletea posa?" Alichukua ufunguo. "Twende sasa hivi."

"Bene, pale pamejaa watu."

"Walionifukuza nao walikuwa wamejaa."

Mbaruku aliutazama ule mchanga juu ya kaunta. Kisha akakitia kipande cha mpira mfukoni. "Twende."

Walikwenda kwa miguu hadi Mtaa wa Sikukuu. Bi Siti alikuwa ukumbini na wanawake, wanachambua mchele wa arobaini. Mbaruku alipiga magoti mlangoni.

"Mama mdogo, nilikudanganya. Huyu alinipa mipira mizuri, akanionya mbele ya watu. Niliikataa kwa wivu. Niliyofunga niliinunua mwenyewe. Shaibu nimemuua mimi."

Nyungo zilisimama. Bi Siti alikipokea kile kipande, akakipapasa polepole kama anayepapasa uso wa mtu.

"Toka, Mbaruku," alisema bila kupandisha sauti. "Nitakuita nikiweza."

Kisha akainua macho. "Marahaba, mwanangu. Ni ya shikamoo yako ya siku ile. Kaa."

Mbaruku alisimama mlangoni. "Bene. Twende."

Benedikta alimtazama: macho yale, shingo ile, mkono ule uliokuwa ukishika spana chini ya gari. Akavua viatu.

"Nenda," alisema. "Mimi nimeachia."

Akaketi mkekani karibu na Bi Siti, akavuta ungo, akaanza kutoa mawe.