Mshike Mbwa Wako Mwenyewe

"Mshike mbwa wako mwenyewe! Hapa hakuna wa kukushikia."

Hivyo ndivyo nilivyomwambia Lueth mbele ya foleni nzima pale Kakuma, Oktoba 2012, nikiwa na sindano mkononi. Watu wakacheka. Hawakujua kwamba mimi na mwanaume huyo tulikuwa tumetumiana mesej kwa miezi minne na moyo wangu ulikuwa umeshahamia kwake.

Naitwa Jebet, mzaliwa wa Litein. Kazi yangu ilikuwa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, kuanzia Lodwar mpaka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mimi si daktari, nina diploma ya mifugo, lakini watu waliponiita daktari sikuwakatalia. Sheria yangu ilikuwa moja tu: mwenye mbwa amshike mwenyewe. Mtu anaweza kunidanganya kwa shati na manukato, ila mbwa wake ataniambia yote. Nipe dakika moja na mbwa, nitakwambia mwenyewe ni mlevi, mchoyo au mtu wa watu. Nilijivunia macho hayo, jamani, kuliko hata sura yangu!

Lueth alikuwa na kinu cha kusaga unga kambini. Mrefu, mpole, kutoka Sudan Kusini, mwimbaji wa kwaya. Mbwa wake aliitwa Jirani, rangi ya vumbi, sikio moja limekatika. Siku hiyo Lueth aliinua mkono kufuta jasho. Jirani akajikunja, akakojoa, akajificha katikati ya miguu ya mwenyewe akitetemeka.

Nikashusha sindano.

"Unampiga," nikasema.

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine? Mbwa anaogopa mkono wako! Kumbe zile mesej tamu zote zinatoka kwa mtu wa kupiga kiumbe kisichoweza kusema?"

Lueth akapiga goti kando ya Jirani.

"Umemaliza, daktari?"

"Nimemaliza."

"Khalas, basi. Mchanje."

Akamkumbatia Jirani, akakificha kichwa chake kwapani, nami nikadunga. Alichukua kadi ya chanjo akaenda bila kujitetea hata kwa neno moja. Nikamtumia mesej: "Usinitafute tena."

Akajibu: "Sawa. Siku utaniuliza badala ya kunihukumu, nitakujibu."

Nikaifuta. Ati nimuulize! Mimi?

Lodwar kulikuwa na Levis, karani wa ofisi moja ya serikali, aliyekuwa akinifuatilia tangu zamani. Levis alikuwa na gari, mashati ya kupigwa pasi mpaka yanakata, na mbwa mkubwa mweusi aitwaye Kamanda.

"Kamanda, kaa!"

Anakaa.

"Kamanda, lala!"

Analala chini kama gunia la mahindi.

"Unaona?" Levis aliniambia. "Nidhamu. Nyumba yangu yote itakuwa hivyo."

Nikavutiwa, nakiri. Februari 2013 akanivisha pete. Tukapanga wazee wake waende Litein mwezi wa nne. Mama akapiga simu.

"Jebet, huyo kijana ni mtu mzuri?"

"Mama, mimi sikosei. Nimemwona mbwa wake."

"Umemwona nani?"

"Mbwa wake, Mama."

"Ngai! Mtoto wangu amepigwa na jua la Turkana."

Wiki moja kabla ya safari ya wazee, nilitoka kanisani nikaenda kwa Levis. Yeye alikuwa bado njiani kutoka Kataboi. Nilimkuta Kamanda peke yake uani.

"Ejok, Kamanda!" nikamsalimia kwa Kiturkana.

Weee! Yule mbwa aliniruka, akanivua kiatu, akakimbia nacho akizunguka mwarobaini mara tano. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Miezi yote hiyo sikuwahi kumwona akicheza.

Mara gari likanguruma getini. Kamanda akatema kiatu, akalala chini, masikio nyuma. Levis aliingia akampita bila kumtazama.

"Umeona adabu?"

"Hakuja kukusalimia, Levis."

"Aje kufanya nini? Sijamwita." Akakaa kwenye kiti. "Jebet, wazee wakishatoka kwenu, utaandika barua ya kuacha kazi. Mke wangu hawezi kushinda na mbwa za wakimbizi."

"Lakini kazi yangu naipenda! Na hukuniuliza..." Nikasimama.

"Jebet. Kaa."

Nikakaa. Nawaambia ukweli, nilikaa! Na Kamanda, aliyekuwa amelala, akainuka upesi, akakaa kando yangu. Tukaangaliana, mimi na mbwa. Sauti ilikuwa ile ile.

Damu ikanichemka. Nikasimama tena, polepole, nikavua pete nikaiweka mezani.

"Unaenda wapi? Nimesema kaa!"

"Aliyezoea kukaa huyo hapo. Mimi ni binti ya watu."

Nilitoka kiatu kimoja kikiwa na alama za meno, kichwa juu, nikatembea katikati ya mji wa Lodwar. Nililia nilipofika nyumbani, si kabla.

Kesho yake nilikuwa ofisini na Lokeno, mwenzangu wa kazi, Mturkana, yule anayebeba kisanduku cha dawa.

"Lokeno, unakumbuka mbwa wa Lueth?"

"Ile ya sikio moja? Nakumbuka."

"Aliogopa mkono wa mwenyewe."

"Iliogopa, ndiyo. Halafu ilikimbia wapi?"

Nikafumba macho. Nikamwona Jirani akijificha katikati ya miguu ya Lueth.

"Mbwa ya kupigwa na mwenyewe," Lokeno akasema, "inakimbiliaga mwenyewe?"

"Mungu wangu. Mbona hukuniambia?"

"Daktari, wewe ulisha kuulizaga mtu?"

Aibu iliyonipata siku hiyo siwezi kuieleza. Mimi, msomaji wa mbwa! Kosa langu hata mtoto mdogo wa kuchunga mbuzi asingelifanya.

Ningeweza kumwomba Lueth msamaha kwa simu. Lakini nilimvunjia heshima mbele ya watu, na kiburi changu hakijui kulipa kwa kujificha. Juni tulirudi Kakuma kwa chanjo. Lueth alikuwa katikati ya foleni na Jirani wake. Nikapanda juu ya kisanduku cha dawa.

"Jamani! Mwaka jana nilimwita mtu huyu mpigaji wa mbwa. Nilikosea. Lueth, nakuomba msamaha mbele ya hawa hawa."

Mama mmoja, Nyakuoth, muuza chai, akapaza sauti: "Sema na nguvu! Huku nyuma hatusikii!"

Nikasema tena kwa nguvu. Kambi nzima ikasikia.

Lueth akasogea mbele. "Sasa unaniuliza?"

"Nakuuliza. Jirani alipatwa na nini?"

"Watu sokoni walimpiga mawe. Mguu ulivunjika. Nikambeba. Mpaka leo akiona mkono juu, anafikiri ni jiwe."

"Na mbona hukujitetea?"

"Mimi siombi mtu aniheshimu. Ungeuliza, ningejibu."

"Una kiburi wewe!"

"Na wewe?"

"Nakuzidi."

Hapo akacheka. Nilikuwa nimeukosa ule mcheko miezi minane. "Jirani pia yuko hivyo," akasema. "Anaogopa, lakini hawezi kuomba mtu chakula. Kiburi hicho ametoa kwangu."

"Haya, mshike nimchanje."

"Hapana. Leo mshike wewe."

Nikapiga magoti mchangani. Jirani akaninusa mikono, akafikiri, kisha akaingiza kichwa chake kwapani mwangu. Lokeno akadunga, halafu akachukua kadi.

"Jina ya mwenye mbwa?"

"Andika mawili," Lueth akasema.

Nikainua uso. "Hiyo ni posa?"

"Ni swali. Naweza kungoja jibu."

Sikumngojesha. "Lokeno," nikasema, "jina langu liandike vizuri, lisikosewe."

Nyakuoth akapiga vigelegele mpaka mbwa wote wakabweka.

Tulifunga ndoa Novemba, hapo hapo Kakuma. Kazi yangu ninayo bado. Levis alihamishwa, akamwacha Kamanda getini. Nikaenda kumchukua mbwa huyo, na siku ya harusi aliiba kiatu cha mchungaji. Mama alifika kutoka Litein amejifunga kitambaa kipya. Hakuangalia suti ya bwana harusi wala keki. Aliinama akamtazama Jirani, aliyekuwa amelala usingizi mzito juu ya miguu ya Lueth, katikati ya kelele zote zile.

"Mama," nikamwambia, "huyu ndiye Lueth."

"Subiri kwanza, bado namwangalia mbwa," akasema. Kisha akanyoosha mgongo, akanishika mkono. "Sawa, binti yangu. Olewa na huyu."