Nilisoma Vita Palipoandikwa Fita

Nina miaka sabini na saba, nina sukari, na meno yangu ya mbele ni ya kununua. Nayataja haya mapema ili msije mkanihurumia baadaye. Sitaki huruma ya mtu! Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha nitukaneni mtakavyo... kwani nani kati yenu atanitukana kuliko nilivyojitukana mwenyewe kwa miaka sitini?

Niiteni Lali. Nilizaliwa kisiwani Amu, mtaa wa Mkomani. Mama yangu mzazi alifariki sijatimiza siku saba. Jirani yetu, Bi Rukia, alikuwa ananyonyesha mwanawe Shee, akanichukua akanipakata upande wa pili. Basi Shee akawa ndugu yangu wa ziwa moja, na katika dini yetu huo si undugu wa maneno. Ni undugu kamili. Bi Rukia nilimwita mama, kila alasiri nilikuwa kwao, na hakuna siku aliyonipimia chakula pungufu ya mwanawe.

Alikuwa mjane. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za viua, zile za kazi ya sindano ambazo moja huchukua miezi. Hakukanyaga skuli, lakini alisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyofanya wazee wetu wote. Herufi za kizungu hakuzijua hata moja.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa hamsini na sita, mwaka wa vita vya Hali ya Hatari. Vita vyenyewe vilikuwa bara, mbali na sisi, lakini Serikali iliwaleta waliokamatwa ikawafungia Manda, ng'ambo tu ya maji. Na askari nao wakajaa mjini petu. Sisi tulikuwa darasa la juu kabisa la skuli, vijana wa miaka kumi na saba tulioanza kuota ndevu. Asubuhi tulisimama mstari, tukamwimbia Malkia, tukakaguliwa kucha. Tangu vita vianze, tulikaguliwa na mifuko pia.

Skuli iligeuka mahali pa kuogopana. Mwanafunzi akikuchukia, alikwenda kwa mwalimu mkuu akasema umewapungia mkono mahabusu, nawe ukachapwa bila kuulizwa. Tulikoma kucheka. Hata mpira tuliucheza kwa chuki, tukipigana mateke ya miguu kuliko ya mpira!

Mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kwetu. Kiamu chetu alikiona ni lugha ya washamba, na herufi za Kiarabu alizipiga marufuku skulini kwa sababu hakuweza kuzisoma. Alisema wakati wa vita, maandishi yasiyosomeka ni maandishi ya siri. Atakayekutwa nayo, viboko sita.

Na mimi? Mimi nilikuwa na ugonjwa wangu mwingine. Ilitangazwa kuwa mwaka ule Serikali ingemlipia mwanafunzi mmoja tu kutoka skuli yetu kwenda kuendelea na masomo Mombasa. Mmoja! Wa kwanza darasani alikuwa Shee. Wa pili alikuwa mimi. Kila mtihani ilikuwa hivyo... Shee, mimi. Shee, mimi. Hesabu nisizozielewa alinielekeza yeye, kisha akanishinda kwa hizo hizo.

Baba yangu, aliyekuwa na duka la nguo na ulimi wa pilipili, aliniuliza mbele ya wateja kama sioni haya kushindwa na mwana wa mshona kofia. Wateja walicheka. Sikulala na njaa usiku ule, nililala na chuki, na chuki haikumwelekea baba... ilimwelekea Shee. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa Shee!

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ilivumishwa kwamba barua za siri zimekutwa Manda. Ofisa mmoja wa usalama, Mzungu aliyejifunza Kiswahili huko bara, akaja skuli na askari wanne. Tuliamriwa tusimame juani, tuvue viatu, tuvue na kofia. Askari alipopindua kofia ya Shee, kikaanguka kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Maandishi ya Kiarabu!

Mwalimu wetu wa dini, ambaye ndiye angekisoma, alikuwa kisiwani Pate kwenye hitima ya marehemu nduguye. Mwalimu mkuu akatazama mstari, akaninyooshea kidole. Nikaingizwa ofisini. Tulikuwa watano humo: mwalimu mkuu, yule ofisa, askari mmoja, Shee na mimi.

Kilikuwa na maneno manne tu. Nayaona mpaka leo.

Fita kesho alasiri. Asiyue.

Huenda hamkijui Kiamu, basi nitawafafanulia, kwa maana dhambi yangu yote imo humo. Penye "ch" ya Kiswahili cha skuli, sisi twatia "t". Kuficha kwetu ni kufita. Asijue kwetu ni asiyue. Barua ile ilikuwa ya mwana kumwambia mtu: ficha kesho alasiri, asijue. Na nilitambua mara moja kuwa inakwenda kwa Bi Rukia, kwani nani mwingine Shee angemwandikia kwa herufi zile?

Lakini katika maandishi yale ya wazee, herufi ya F na ya V ni moja. Msomaji ndiye anayeamua. Fita... au vita!

Shee aliulizwa kwanza, mbele yangu. Alisema anamwambia mamake afiche kofia. Ofisa alicheka mpaka akakohoa. Kofia! Nani huandika barua ya siri juu ya kofia? Akaulizwa anafichwa nani, Shee akanitazama mimi, kisha akatazama chini, akanyamaza. Mimi nilidhani anaona haya kwa uongo wake.

Ofisa akanipa karatasi, akaniuliza herufi ile ya kwanza ni ipi. Nikamwambia ukweli, kwamba yaweza kuwa hii au ile. Akaniuliza, na hapa ni ipi?

Wasomaji wenzangu, sikutishwa. Sikupigwa. Hakuna aliyenishikia bunduki. Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi mara tatu, na katika pumzi hizo niliiona meli ya Mombasa, nikauona mkoba wangu mpya, nikamwona baba akinitaja kwa wateja wake.

"Vita," nikasema. "Vita kesho alasiri. Asijue."

Shee aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Lali! Siswi hunena zita! Wewe wayua!"

Nilijua, ndiyo! Mtoto mdogo wa Amu anajua. Vitu kwetu ni zitu, viatu ni ziatu, na vita ni zita. Mwamu akitaka kuandika vita, huanza na ze. Neno lile kwa mkono wa Shee halingeweza kuwa vita hata siku moja! Kwa kijana wa Mkomani, jambo hilo lilikuwa wazi kuliko jua.

Ofisa hakuelewa. Aliniuliza kijana huyu amesema nini.

Nikamjibu, "Ananitukana, bwana."

Askari alimpiga kofi la kwanza hapo hapo. Nilitoka nikarudi darasani, nikafungua daftari langu la jiografia, na nawaapia nilichora ramani nzima bila mkono kutetemeka. Mnanielewa? Haukutetemeka!

Alikaa gerezani ngomeni miezi minne, kisha akapelekwa kambi ya vijana huko bara chini ya amri za Hali ya Hatari. Kesho yake alasiri hapakuwa na vita vyovyote, bila shaka. Nani aliyejali? Wakasema vimezuiwa.

Mji nao ukaonyesha meno. Watu waliokula hitima nyumbani kwa Bi Rukia wakawa wanapita kichochoro cha pili wasikutane na mlango wake. Kofia zake hazikununuliwa. Wanafunzi waliokuwa wakinakili kazi ya Shee waliandika jina lake ukutani na kulitia tusi. Mwalimu mkuu alinisifu mbele ya skuli nzima kuwa ni kijana mwaminifu, na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu... mnafiki mimi!

Nafasi ya Mombasa nikapewa.

Asubuhi ya kusafiri nilikwenda kumuaga Bi Rukia, kwa kuwa nisingekwenda watu wangeshangaa. Alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani. Aliniketisha, akanipa chai, akaniombea dua ndefu. Kisha akaniambia kuwa aliruhusiwa kumwona Shee mara moja kabla hajapelekwa bara, na Shee akamweleza jinsi karatasi yake ilivyosomwa. Alimuuliza ni nani aliyeisoma. Shee akakataa katakata kumtaja.

Nikakiweka kikombe chini.

"Hataki kunitaia," akasema Bi Rukia. "Lakini mimi nayua, mwanangu. Alosoma si Mwamu. Mwamu hunena zita. Huyo ni mtu wa mbali, asotuyua."

Kisha akasimama, akafungua sanduku, akatoa kofia. Sijawahi kuona kofia kama ile. Ilikuwa kazi ya miezi mingi, viua vyake vidogo kama chembe za mtama.

"Twaa. Ni yako hini. Ndiyo alotaka niifite usiione kabla ya siku yake; akaandika, kwani nyinyi hamwatani. Alinena, nikenda Mombasa mimi, Lali tasalia na utungu, basi mshonee kofia avae."

Utungu! Uchungu wangu! Kumbe aliuona. Nilidhani nimeuficha vizuri, naye aliuona, akamwomba mamake aushonee kofia... na siku ile ofisini alinyamaza ili asiniharibie zawadi yangu!

Mngefanya nini nyinyi? Mngeanguka miguuni pake, mkasema mama, mtu wa mbali ni mimi? Hayo ndiyo niliyopaswa kufanya. Mimi niliipokea kofia kwa mikono miwili, nikambusu mkono, nikasema ahsante mama, nikaenda kupanda chombo.

Masomo niliyamaliza. Nikawa karani, baadaye mkalimani wa korti. Ndiyo, chekeni! Nililipwa mshahara kuyasoma maneno ya watu wengine. Kila nilipoapishwa kutafsiri kwa haki ulimi ulikuwa mchungu.

Kabla mwaka wa hamsini na tisa haujaisha nilisikia Shee ameachiwa na anaishi Kipungani, anapakia mikeka ya ukindu kuileta mjini. Skuli ilikataa kumrudisha, afisi zilikataa kumwajiri. Nilikaa miezi sita nikijipa sababu za kutokwenda. Kisha nikaenda.

Nilimkuta anafunga mizigo. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki. Alikuwa wa kwanza darasani, na sasa hawezi kushika kalamu! Nilianza kusema, nikalia, nikamwambia nitakwenda leo hii kwa Bi Rukia nimweleze kila kitu, hata akinilaani.

Shee hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliendelea kukaza kamba kwa mkono wa kushoto, na alipomaliza fundo ndipo aliponitazama.

"Mama ana wana wawili," akasema. "Mmoya wamemharibu. Wa pili asalie hivo hivo. Nimefita miaka yote hini. Asiyue."

Akajitwika mzigo wake akaniacha nimesimama. Hakunisamehe, msidhani hivyo. Tangu siku ile hakunipa mkono tena, na hata kwenye mazishi ya Bi Rukia alipita nyuma yangu kama unavyopitwa mwiba. Alifanya vile kwa ajili ya mamake, wala si kwa ajili yangu. Mama yule alikufa akiniombea dua, akidhani mtu wa mbali ndiye aliyemwangamizia mwanawe.

Naye Shee tulimzika mwaka jana.

Basi wasomaji wenzangu, hasa nyinyi vijana mnaosoma skuli moja na ndugu na marafiki mnaowaonea kijicho... mkipewa neno la mtu mlisome, lisomeni kama alivyoliandika! Msitie herufi yenu. Msiseme ni neno dogo, kwani mimi nilibadilisha sauti moja tu, na maisha ya mtu yakaisha humo. Na kama mmekwisha kosa, kimbieni mkaungame siku hiyo hiyo, kabla hamjapewa kofia. Baada ya kofia hakuna mlango.

Kofia ile ninayo. Haijakaa kichwani mwangu hata kwa Idi moja. Iko chini ya sanduku, imefungwa kitambaa, na wanangu wakiuliza ya nani huwaambia waiache. Bi Rukia hayupo, Shee hayupo, wa kufichwa amebaki nani?

Sasa na wayue.