Nani Anakula Bando Letu?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bonifasia alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuwafungulia kuku, na kuiweka rauta dirishani. Kazi hii ya tatu ndiyo aliyoipenda. Rauta yao ilikuwa kijisanduku cheupe chenye laini ya simu ndani yake. Ilikamata mtandao kutoka mnara uliosimama kilimani, upande wa Mbinga, ikausambaza nyumba nzima. Lakini ilikuwa na deko. Ukiisogeza kiganja kimoja tu, mtandao ulisuasua. Ukiigeuzia ukutani, ulipotea kabisa. Ni Bonifasia aliyegundua mahali pake hasa: juu ya kopo tupu la rangi, kona ya kulia ya dirisha la sebuleni.

Pale kijijini Kitura simu zenyewe hazikushika mtandao, na nyumba zenye kifaa kama hicho zilikuwa za kuhesabu. Mama yake, Tereza, alikuwa fundi cherehani. Wateja walimtumia vipimo na picha za mishono, naye akawatumia picha za nguo zilizokamilika. Baba yake, Protasi, alikuwa fundi mwashi, na mwaka ule alikuwa Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, akijenga nyumba za watu. Jioni walizungumza naye huku wakimwona uso, na mawimbi ya ziwa wakiyasikia nyuma yake. Bonifasia mwenyewe alikuwa darasa la saba. Baba alimwachia simu yake ya zamani ili afanye maswali ya mitihani iliyopita.

"Unafanya nini huko chumbani?" mama alikuwa akimuuliza kila jioni, miguu yake ikikanyaga cherehani.

"Hesabu, mama."

"Soma, mwanangu."

Kweli, hesabu alifanya. Lakini baada ya maswali matano au sita, alifungua tamthilia moja iliyokuwa ikizungumzwa na darasa zima. Kipande kimoja kilikuwa kifupi, tena kilipokwisha, kingine kilianza chenyewe. Akiitwa kuchota maji au kukoleza moto, aliiacha simu kitandani ikiendelea kucheza peke yake. "Vipande vifupi vifupi vitamaliza nini?" alijiambia.

Bando lao lilikuwa la mwezi mzima. Mwezi wa Mei lilikwisha tarehe kumi na nane. Juni, likaisha tarehe kumi na tano. Julai halikufika hata tarehe kumi na mbili, na siku hiyo ndipo moto ulipowaka.

Kwaya moja kule Mapera ilitaka kushonewa sare mpya. Mwenyekiti wao aliahidi kutuma vipimo asubuhi, na akataka jibu kabla ya saa sita, maana sikukuu yao ilikuwa imekaribia. Mama alisubiri mpaka alasiri. Hakujua kwamba bando lilikuwa limekata tangu alfajiri. Alipotambua na kuunga bando dogo la wiki, ujumbe kutoka Mapera uliingia mfululizo. Wa mwisho ulisema: "Tumekupigia kimya, tumeandika kimya. Kazi tumempa fundi mwingine."

Mama aliiweka simu juu ya meza kwa kishindo.

"Sare thelathini!" alifoka. "Thelathini, Bonifasia! Nani anakula bando letu humu ndani?"

"Mimi nasoma tu, mama," Bonifasia alijibu upesi. "Maswali ya hesabu hayali bando."

Mama akageukia cherehani. Bonifasia alitamani sana awepo mtu mwingine wa kulaumiwa.

Kesho yake mama alikwenda Mapera kujaribu kuwasihi wale watu wa kwaya. Bonifasia alirudi shule saa tisa na nusu. Ulikuwa msimu wa kuanika kahawa, na upande wa pili wa uwanja majirani walikuwa wakichambua kahawa kwenye vichanja, wakiongea na kucheka. Chini ya dirisha la kina Bonifasia, palepale penye rauta, alikuwa ameketi Mama Glorious, jirani yao wa bondeni. Alikuwa na simu mkononi, kaisogeza karibu na sikio.

Damu ilimpanda Bonifasia kichwani. Kumbe! Alitupa mkoba wake chini, akamwendea mbio.

"Kumbe ni wewe!"

Mama Glorious aliinua kichwa. "Marahaba, Bonifasia," alisema, ingawa hakuwa ameamkiwa.

"Wewe ndiye unayetuibia bando! Mama amekosa kazi ya sare thelathini kwa sababu yako!"

Kule vichanjani mikono ilisimama. Vicheko vilikatika.

"Umesemaje wewe mtoto?"

"Nimesema mwizi! Mwizi wa bando!"

Mama Glorious alisimama polepole. Alifungua kinywa kama mtu anayetaka kueleza jambo, kisha akawatazama wale wanawake waliokodoa macho, akakifunga.

"Mtoto wa Tereza," alisema kwa sauti ya chini, "nimekubeba mgongoni ukiwa na surua, mama yako akiwa mgonjwa kitandani. Leo umenivua nguo mbele za watu."

Akajitanda kanga yake, akashika njia ya bondeni bila kugeuka nyuma.

Bonifasia aliingia ndani akihema. Akafungua mipangilio ya rauta, akabadilisha neno la siri. Alijiona amelinda mali ya nyumba yao. Lakini mama aliporudi jioni, amechoka na amenuna, Bonifasia hakumweleza lolote ila kwamba amebadilisha neno la siri "kwa usalama". Mama hakuuliza zaidi, kwa kuwa mawazo yake yote yalikuwa kwenye zile sare.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu, kuelekea magharibi, bodaboda ilinguruma uwanjani. Mama Glorious alishuka kwanza, kisha akamsaidia binti yake kushuka. Glorious alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa bandeji kutoka kifundo hadi juu ya goti, na kwapani aliegemea magongo mawili. Alikuwa akitetemeka kwa baridi.

"Tereza!" Mama Glorious aliita, na sauti yake ilifika mpaka vichanjani. "Tereza, toka nje!"

Mama alitoka mbio, sindano zikiwa zimechomekwa kwenye gauni kifuani. "Kuna nini, dada? Glorious! Umerudi lini?"

"Muulize huyo mwanao amerudi lini! Mtoto wangu ametoka hospitali leo. Mjomba wake amempandisha basi Songea, ametuma ujumbe tangu jana kwamba nimpokee stendi ya Mbinga saa nne. Mimi ningeupataje? Kwangu bondeni simu haishiki. Dirisha lako ndilo lilikuwa sikio langu, na mwanao amelifunga! Ameniita mwizi mbele za majirani! Mtoto na kidonda chake ameketi stendi kutwa nzima, na baridi hii ya Julai, mpaka msamaria mmoja akamleta hadi kwangu!"

Mama aligeuka. Bonifasia hakuwahi kumwona mama yake na uso ule.

"Umemwita nani mwizi?"

"Mama, nilimkuta anatumia mtandao wetu, nami..."

"Mimi ndiye niliyempa neno la siri! Mimi, kwa mkono wangu! Aliniomba nisiwaambie watu habari za ugonjwa wa mwanawe, nami nikanyamaza. Anasikiliza ujumbe wa daktari na wa binti yake, basi. Ulimuuliza?"

Bonifasia aliinamisha kichwa. Lakini hasira ilikuwa bado inamwaka, hasira ya mtu aliyebanwa pembeni. "Kama si yeye, basi ni nani anayemaliza bando?" alisema. "Si linaisha kila mwezi?"

"Vema!" Mama Glorious alidakia. "Hata mimi nataka ijulikane. Siondoki hapa na jina la wizi."

Mama alifikiri kidogo. "Yule kijana aliyetuuzia rauta alisema ndani yake kuna orodha, inaonyesha kila simu imetumia kiasi gani. Mimi sijui kuifungua. Bonifasia, unajua wewe. Ifungue, utusomee."

Wakaingia sebuleni. Glorious aliketishwa kwenye kochi na kufunikwa blanketi. Bonifasia alichukua ile simu ya baba, akafungua ukurasa wa rauta. Orodha ya mwezi ule ikajitokeza.

Aliisoma kimyakimya. Kisha akaisoma tena.

Simu ya mama ilikuwa imetumia giga nne. Ya Mama Glorious haikufika hata nusu giga. Na juu kabisa, yenye mstari mrefu mwekundu, ilikuwa simu ya zamani ya baba. Giga arobaini na moja.

"Inasemaje?" mama aliuliza.

Hakuna mwingine mle ndani aliyeweza kuiona. Mama alikuwa amesimama mlangoni, Mama Glorious kando ya binti yake. Maandishi yalikuwa madogo, tena kwa Kiingereza. Angeweza kubadilisha majina. Angeweza kusema ukurasa umegoma kufunguka, nao wangemwamini. Maneno hayo yalikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wake.

Ndipo Glorious akakohoa. Bonifasia akautazama ule mguu uliofungwa bandeji, iliyochafuka kwa vumbi la stendi.

"Ni mimi," alisema.

"Nini?"

"Ni mimi, mama. Giga arobaini na moja. Mama Glorious hajatumia hata nusu giga. Mimi sifanyi hesabu tu. Naangalia tamthilia kila siku, na nikiitwa naiacha simu inacheza yenyewe. Sare za kwaya umezikosa kwa sababu yangu."

Mama akapiga kiganja mezani kwa nguvu, mkasi ukaruka.

"Miezi mitatu! Miezi mitatu nakuuliza unafanya nini, unaniambia hesabu! Nimejinyima kununua uzi ili bando liwepo, nikijua mwanangu anasoma. Halafu unatoka nje kumtafutia mwenzako kosa lako!" Akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu. Na sasa sikia: ulimtukana mama huyu mbele za watu. Hutamwomba radhi humu gizani nyuma ya mlango. Utamwomba mbele za watu walewale."

Usiku ule mama mwenyewe alimpeleka Glorious zahanati ya kijiji kubadilishiwa bandeji. Mganga akasema kidonda hakijadhurika, ila apate joto na mapumziko.

Jumamosi asubuhi Bonifasia alivuka uwanja peke yake kuelekea vichanjani. Mama alibaki mlangoni akimtazama. Wanawake walikuwa walewale, na Mama Glorious alikuwa miongoni mwao, akichambua kahawa bila kuinua macho. Alitembea polepole kama anayepanda mteremko wa mashamba ya ngoro, yale yenye mashimo, akiwa na ndoo ya maji kichwani. Alipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Mikono ya Mama Glorious haikusimama.

"Nilikuita mwizi. Si kweli. Mama alikupa ruhusa. Aliyemaliza bando ni mimi, nikadanganya nyumbani, halafu nikakutupia wewe. Naomba unisamehe. Na nyinyi mama zangu, niliyoyasema siku ile yalikuwa uongo."

Mwanamke mmoja aliguna. Mwingine alitikisa kichwa. Mama Glorious aliendelea kuchambua, akitupa kando punje mbovu moja baada ya nyingine. Hatimaye akasema:

"Marahaba. Nimesikia. Sitakudanganya kwamba hasira yangu imekwisha, maana haijaisha. Nikimwona mwanangu anachechemea nakumbuka ile stendi. Lakini nimekusamehe, kwa sababu Tereza amenieleza kwamba ungeweza kuificha ile orodha, lakini ukatusomea kweli."

Machozi yalimdondoka Bonifasia.

"Futa machozi, unisikilize," Mama Glorious aliendelea, na sauti yake ilikuwa bado kali. "Hasira kila mtu anayo. Hata mimi siku ile nilitaka kukuzaba kibao. Lakini ukikasirika, uliza kwanza kabla hujahukumu. Na ukiulizwa wewe, sema kweli siku hiyohiyo, kosa lingali dogo. Uongo wako ulianza chumbani kwako, ukaishia kwenye mguu wa mwanangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Tangu mama alipomrudishia simu, Bonifasia alijisomea mezani sebuleni, karibu na cherehani. Ile hali ya vipande kuanza vyenyewe aliizima kwa mkono wake mwenyewe, na mwezi wa Agosti bando likafika mpaka siku ya mwisho. Kazi ya kwaya haikurudi. Mama hakuacha kumkumbusha, na kila alipokumbushwa Bonifasia alivumilia, kwa kuwa alijua mama ana haki ya kukasirika.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile, pale vichanjani, Mama Glorious alimsogezea nafasi kwenye benchi.

"Haya, inuka hapo chini," alisema. "Kaa hapa, uchambue."

Bonifasia akaketi katikati ya wale wanawake, akaanza kuchambua.