Picha ya Okidi ya Meza ya Nne

Siku ya Marehemu Wote, lango la makaburi ya mji wa Guayaquil, Ekwado, halina adabu. Watu wanasukumana, wauza maua wanakuvuta mkono kama wadai wako, na uji wa rangi ya zambarau unaonywewa siku hiyo unamwagikia viatu vya kila mtu. Hapo, katikati ya msukosuko huo, Yadira Quimí, amevaa gauni la manjano lililombana kiunoni, alimpasua kichwa mwanamume ambaye baadaye angempenda kuliko roho yake.

Hakumkusudia yeye. Alimkusudia mchuuzi. Juu ya meza ya mchuuzi huyo alikuwa ameona okidi tatu zenye lebo za bati, na namba za kwenye lebo hizo alizichonga kwa mkono wake mwenyewe. Yadira ndiye alikuwa mtunzaji wa kitalu nyumba katika bustani ya mimea ya Cerro Hondo, na okidi hizo zilikuwa zimeibwa humo.

"Jirani, hizi umezitoa wapi?" aliuliza.

"Kwa mama yako. Nunua au pisha wenzako."

Yadira alinyanyua chungu cha kwanza kilichomjia mkononi akakirusha. Mchuuzi aliinama. Chungu kikampata jamaa mrefu aliyekuwa nyuma, shati jeupe, waridi za kaburi la mama yake kifuani. Damu ilishuka mpaka kwenye kola.

"Malkia wangu," jamaa alisema akiwa ameketi chini, "mimi nilikuja kuwatembelea wafu. Sikuja kuhamia."

Yadira alicheka huku analia. Alimkokota mpaka zahanati, akamshika mkono wakati anashonwa, na kabla uzi haujakatwa alikwisha kujua kwamba anaitwa Edison Tumbaco, fundi wa kuchomelea nondo za madirisha, hana mke, na ana mdomo.

Kesho yake Yadira alimpigia simu.

"Kichwa kinaendeleaje?"

"Kinauliza aliyekipasua amekula nini leo."

"Bolón, donge la ndizi za kuponda na jibini."

"Peke yake? Ndiyo maana ana hasira. Mtu akila peke yake anageuka chui."

"Nani amekuambia niko peke yangu?"

"Ungekuwa na mtu, mpenzi, vyungu ungevirusha kwake."

Basi wakapendana. Mapenzi ya watu wazima, yasiyo na muda wa kupoteza. Uongozi wa bustani ulichoshwa na wizi ukaamua kuweka nondo kwenye kila dirisha la kitalu nyumba, na kazi akapewa Edison. Kwa wiki mbili alichomelea humo ndani, jasho likimtoka kwenye joto lile lenye harufu ya kuvu na magome mabichi, huku Yadira akipita na mpira wa maji na kumlowesha mgongo kwa makusudi. Mzee Eleuterio Yagual, mlinzi wa siku nyingi, aliwatazama akatikisa kichwa.

"Oaneni mniondolee balaa," alisema. "Mimea inaona aibu."

Sasa, kwenye meza ya nne kulikuwa na okidi moja iliyookolewa kutoka msitu uliokwisha kukatwa ukapandwa migomba. Haikujulikana kuwako pengine popote. Kwa miaka kumi na moja ilitoa majani tu, na Yadira aliinyunyizia maji miaka yote hiyo kwa ubishi. Alhamisi moja ikachanua, ua la rangi ya ini bichi, na Yadira akapiga ukelele uliomfanya Edison atupe kifaa chake. Alikuwa amebakisha dirisha moja. Vijiti vya kuchomelea vilikuwa vimemwishia, kwa hiyo nondo za dirisha hilo alikuwa amezifunga kwa waya tu, azimalizie Jumatatu.

Yadira alipiga picha. Watu wa okidi ni watu wa ajabu: picha isiyo na lebo kwao ni porojo, watakucheka mpaka uhame mji. Kwa hiyo aliweka lebo mbele kabisa, namba ya meza ikisomeka vizuri, akaituma kwenye kundi la simu la wapenzi wa okidi, watu zaidi ya mia tatu. Sifa zilimiminika. Alilala na simu kifuani akitabasamu.

Jumapili mchana ilikuwa mechi ya watani wa jadi. Mji mzima ulikuwa mbele ya televisheni, na kwenye mapumziko fataki zililipuka kila upande. Wanaume watatu walikata waya kwa koleo wakaingia. Hawakuhangaika kutafuta. Walikwenda moja kwa moja meza ya nne. Mzee Eleuterio aliwakuta hapo, akanyanyua rungu lake, akapiga pigo moja la maana lililovunja bega la mtu. Pigo la pili halikutoka. Panga lilimshukia shingoni, akaanguka katikati ya vyungu na kuviangusha vyote.

Yadira, aliyekuja kumwagilia kama kila Jumapili, aliwakuta wanatoka. Mmoja alimpiga mdomoni kwa mpini wa panga. Yadira aliukamata mkono ule kwa meno akauma mpaka akahisi mfupa, na hakuachia mpaka walipomvunja mbavu mbili kwa mateke. Okidi ikaondoka.

Inspekta alimhoji hospitalini.

"Nani alijua dirisha lile limefungwa kwa waya?"

Yadira alikuwa na damu mdomoni na sura ya mzee Eleuterio machoni. Alitaka mtu wa kumchukia, na alimtaka palepale.

"Edison Tumbaco," alisema. "Yeye peke yake."

Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa ya watu. Polisi walimchukua Edison kutoka mezani kwa dada yake, na mahabusu wenzake waliposikia kwamba ni yeye aliyeuza roho ya mzee wa watu, wakamshughulikia. Siku ya tano aliachiwa kwa kukosa ushahidi, meno mawili yamepungua na jicho la kushoto limekufa. Akapiga simu.

"Yadira. Niambie si wewe uliyenitaja."

"Mzee Eleuterio amekufa, Edison."

"Sijauliza hilo."

Edison akakata simu, naye Yadira akaitupa yake ukutani.

Kwa familia ya Yagual, kuachiwa kule hakukuwa na maana yoyote. Jairo, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa ameshanoa panga lake. Mama Zoila, mjane, aliwaapisha wanawe mbele ya jeneza kwamba hawatamgusa mtu mpaka novena ya baba yao iishe. Siku tisa za sala, mikono mitupu. Jairo aliapa. Baada ya hapo alihesabu siku kama mfungwa, na mtaa mzima ulijua anachohesabu.

Siku ya tisa, saa nane mchana, inspekta alimwita Yadira. Mtu mmoja alikuwa amekamatwa akitibiwa kidonda cha kung'atwa kilichooza mkononi. Inspekta alimsogezea simu ya mtu huyo.

Ilikuwa picha yake. Ua la rangi ya ini, lebo, namba ya meza. Na nyuma ya ua, jambo ambalo yeye hakuliona kwa sababu alikuwa anaona ua tu, dirisha lenye nondo zilizofungwa kwa waya. Mtu alikuwa amelizungushia duara jekundu.

"Aliyewapelekea ni mmoja wa hao watu mia tatu wa kundi lenu," inspekta alisema. "Kesi tunayo. Nani alipiga picha, hilo si lazima mtaa ujue, bibie. Nenda nyumbani ukapumzike."

Huruma ile ilimchoma kuliko tusi. Angeweza kweli kwenda nyumbani. Angekaa, angebaki kazini mpaka uzeeni, na jioni ile Edison angekufa.

Alifika kwa Mama Zoila mbavu zinamkata, watu wakiwa kwenye viti vya plastiki wanamalizia rozari ya mwisho, kahawa ikipozwa. Nyuma ya nyumba Jairo na binamu zake walikuwa wanapakia dumu la petroli kwenye pikipiki. Yadira hakusubiri amina.

"Edison hakuwauza," alisema kwa sauti iliyowanyamazisha wote. "Ni mimi. Nilipiga picha ya ua nikaituma kwa watu mia tatu, na dirisha bovu linaonekana. Baba yenu ameuawa kwa majivuno yangu. Na mtu asiye na hatia amepofuka jicho kwa sababu nilimtaja."

Jairo aliingia na panga. Alimpiga kwa ubapa wake shavuni, akamwangusha juu ya viti. Alimpiga tena mgongoni. Yadira hakujikinga. Mara ya tatu Jairo aliligeuza panga, makali chini.

"Jairo," Mama Zoila alisema kutoka kwenye kiti chake. "Baba yako hakulea mchinjaji."

Panga lilibaki juu kwa muda mrefu. Kisha likaanguka, na Jairo akalia kwa sauti mbaya kama ya mnyama. Mama Zoila aliinuka, akamwendea Yadira, akamtemea mate.

"Umesema kweli, na Mungu ameona," alisema. "Sasa toka. Nisikuone tena hapa maisha yangu yote."

Mvua ilikuwa imeanza. Yadira alitembea mpaka karakana ya Edison, shavu limevimba, blauzi nyeusi ya msiba imelowa damu na maji. Edison alikuja mpaka kwenye lango la nondo lakini hakulifungua. Jicho moja lilikuwa chini ya bandeji. Lingine lilimtazama kwa chuki safi.

"Nani amekufanya hivyo?"

"Jairo. Walikuwa wanakuja kukuchoma moto. Hawaji tena."

"Umewaambia nini?"

Akamweleza yote, picha, waya, duara jekundu, bila kujipunguzia hata neno. Edison alisikiliza huku ameshika nondo.

"Jicho halirudi," alisema.

"Najua."

"Daktari anasema kuchomelea basi. Moto ule utalimaliza na hili lililobaki."

"Najua. Sikuja kuomba msamaha, Edison."

"Afadhali. Maana sijakusamehe."

Yadira alitikisa kichwa kukubali, akageuka aende. Alikuwa amepiga hatua nne.

"Unakwenda wapi na damu yote hiyo?"

"Nyumbani."

"Na mimi nitamwambia nani kwamba sijamsamehe?"

Yadira alisimama kwenye mvua. "Umeshaniambia."

"Mara moja haitoshi." Alitoa ufunguo mfukoni. "Nataka nikuambie kila asubuhi, mpaka mmoja wetu afe."

"Basi itabidi kila asubuhi niwepo."

Edison alipeleka ufunguo kwenye kufuli la lango. Kwa jicho moja alikosa tundu mara mbili, na Yadira akauongoza mkono wake.