Mufungwa Anashtaki Leta

Kila asubuhi Georgette anavuka mto kwa pirogi kutoka Lubunga, sufuria ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, juu ya magoti. Anapeleka chakula gerezani. Asipopeleka, mume wake Jérémie analala njaa.

Jérémie alimpasua mtu kichwa kwa chupa. Kosa alilikubali, tribinali, yaani mahakama, ikamfunga. Sawa. Lakini mlinzi mmoja alimpiga kwa kitako cha bunduki, mguu ukavunjika, kidonda kikaanza kunuka. Hakuna aliyemwita daktari. Je, hiyo nayo ilikuwa ndani ya hukumu? Hata kidogo!

Georgette alilalamika kwa kapita, yule anayesimamia wafungwa ndani. Kila mara kapita alijibu, "Mama, nitaona." Georgette akangoja. Mguu ukazidi kuoza.

Siku moja jirani yake Florentine, ambaye ni avoka, yaani wakili, alimkuta kivukoni analia.

"Yaya Georgette, dada yangu, iko nini?"

"Muguu ya bwana yangu inaoza! Niliambia kapita, nikaambia tena. Leta, hii serikali yetu, haitaki kunisikia."

Florentine alishika kichwa. "Kapita haiko Leta! Ni mufungwa kama bwana yako. Leta haijasikia kitu."

"Ee Mungu wangu! Alors, nifanye nini?"

"Kwanza, Jérémie aandikie mukubwa wa gereza. Tunapeleka barua, tunabakia na kopi yenye muhuri. Munganga naye aone muguu, aandike vile ameona. Mukubwa akinyamaza, tunaenda kwa procureur, mwendesha mashtaka wa Leta, yeye iko na ruhusa ya kuingia gerezani. Kisha ndiyo tribinali."

"Tushtaki ule mulinzi?"

"Yeye, na Leta pia. Leta ndiyo ilimupa bunduki. Ijibu."

"Bon, nitatia sahihi mimi."

"Hapana, yaya. Muguu ni yake, kesi ni yake. Kufungwa hakukumuondolea haki ya kushtaki. Na usiogope bei: avoka tuko na biro, ofisi ya kusaidia bure watu wasio na uwezo. Mimi natumika kazi pale."

Tonton Gédéon, mjomba wa Jérémie, aliposikia alikasirika. "Munashtaki Leta? Munataka wamuue mutoto yetu mule ndani?"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Gerezani, Florentine alipomwekea barua mbele, hata Jérémie aliogopa. Aliishika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena.

"Nikinyamaza, nitakufa tu," alisema. Akatia sahihi.

Mkubwa wa gereza hakujibu. Procureur alikuja mwenyewe, akaona, akaamuru Jérémie apelekwe hospitali. Madaktari waliokoa uhai wake, lakini mguu walikata. Georgette alilia sana. Kama angejua mapema, mguu ungepona. Inauma kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kesi ilichelewa. Avoka wa Leta aliomba iahirishwe, kisha tena. Florentine hakuacha kwenda. Mwishoni tribinali ilisema: mlinzi ana kosa, na Leta lazima imlipe Jérémie fidia.

Siku hiyohiyo Jérémie alirudishwa gerezani, maana kifungo chake hakijaisha. Kushinda kesi hakufungui mlango.

Lakini jioni mfungwa mmoja, Patrice, alimfuata kimya, akainua shati. Mgongo wake ulikuwa umechanika kwa fimbo.

"Jérémie," aliuliza kwa sauti ndogo, "nianzie wapi?"

Jérémie alisogeza magongo yake, akampa nafasi. "Ikala hapa. Tunaandikia kwanza mukubwa wa gereza."