Posa ya Cyiza na Moyo wa Gradi

Soko kuu la Mbarara siku ya Jumamosi halimwonei mtu huruma. Orpa alikuwa amemshika mkono mdogo wake, wametoka kwa daktari, wanatafuta gari la kurudi kambini Nakivale, na Gradi, kijana wa miaka kumi na mitano mwenye mwili wa mtoto wa kumi, akaishiwa pumzi katikati ya wauza matoke. Akakalia kitu cha kwanza alichokiona. Kilikuwa kopo kubwa la maziwa, na kopo lilikuwa na mwenyewe.

"We kijana, unakalia chakula ya batu!"

Orpa akageuka, kitenge chake cha kijani kimemkaa vizuri na hasira imemkaa vizuri zaidi. "Iko mugonjwa wa moyo. Unataka akalie wapi, ku kichwa yako?"

Mwenye maziwa, kijana mrefu wa buti za mpira na kofia pana, alicheka. "Akae tu. Ila wewe dada upunguze ukali, maziwa yangu itaganda."

Aliitwa Cyiza, Mnyamulenge, mtu wa wafugaji wa Kongo, anayeishi huko huko Nakivale, na ng'ombe wa ukoo wao ndio waliojaza makopo yale. Aliwatafutia gari, akamweka Gradi kiti cha mbele, na walipokuwa wanapita Kabingo simu ya Orpa ikaita. Namba alikuwa ameitoa Gradi, msaliti mdogo yule.

"Mumefika?"

"Umetuacha sasa hivi!"

"Njo maana nauliza."

Tangu hapo simu haikupoa. Kila jioni, akishamaliza kukamua, Cyiza alipiga. Alimwita "mupenzi wa maharagi," kwa kuwa kwao Orpa ni wakulima kutoka Fizi, Kongo, naye Orpa alimjibu kwamba ananuka ng'ombe mpaka kwenye simu. Uongo mtupu. Alinukia moshi na maziwa, na Orpa akiwa shambani alimuwaza mpaka akawa anapalilia maharagwe na kuacha magugu.

Lakini moyo wa Gradi haukuwa na nafasi ya kungojea mapenzi ya watu. Daktari alisema wazi: lazima apasuliwe, upasuaji wenyewe haupatikani karibu, na gharama yake ingemeza shamba, nyumba na wenye nyumba. Papa Laurent, baba yao, akavaa koti lake la pekee akasimama kanisani kuomba msaada. Watu walitoa walichonacho: maharagwe, mayai, na jogoo aliyenunuliwa, akarudishwa, akauzwa tena na tena mpaka akachoka kuwika. Mchungaji akatangaza kilichopatikana. Kilitosha dawa, basi.

Ndipo ofisi ya wakimbizi ikamwita Papa Laurent. Kulikuwa na nchi ya mbali iliyokubali kumpokea Gradi na kumtibu, yeye pamoja na jamaa yake. Papa alirudi nyumbani, akafunga mlango mchana kweupe.

"Tuko batatu ku dosie," alisema, akinyoosha karatasi za ofisi zenye majina yao. "Mutu akiongezeka ao akipunguka, inarudia mwanzo. Na Gradi hana wakati ya kurudia mwanzo. Musiambie mutu. Munajua wivu ya hapa."

Jioni ile Cyiza alipopiga, Orpa aliongea naye habari za mvua.

"Uko na nini? Sauti yako iko mbali."

"Niko hapa hapa."

"Kuko kitu nawaza juu ya Gradi. Ngoja, utaona."

Laiti angeuliza ni kitu gani! Hakuuliza. Alidhani ni jogoo mwingine.

Siku chache baadaye Cyiza aliingia uani kwa kina Orpa akiwa na baba yake mdogo, mzee Rwakabuba, na wazee wa kwao wenye fimbo na makoti marefu. Nyuma yao walikuwa ng'ombe wa pembe ndefu, wamejaa mpaka kuku wakakimbilia jikoni. Wazee wa Cyiza wasingekubali ng'ombe wa ukoo watoke zizini kwenda kuuzwa kwa shida ya mtu baki. Kwa mkwe, hiyo ilikuwa habari nyingine. Mahari ni ya baba wa binti, auze, atibishe apendavyo. Hivyo ndivyo Cyiza alivyopanga: yeye apate mke, Gradi apate kupona. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, anatabasamu kama mtu aliyeshinda.

"Tunajua kuko mugonjwa," alisema Rwakabuba. "Muuzishe hizi ng'ombe, sisi hatuna neno. Lakini binti aseme mwenyewe mbele yetu kama anamujua huyu kijana."

Papa Laurent akamtazama bintiye. Ndani, Gradi alikuwa anakohoa.

"Simujui," alisema Orpa. "Namuonaka tu akipita na maziwa."

Cyiza aliokota fimbo yake akasaidia kuwageuza ng'ombe.

Sasa Orpa ndiye aliyepiga, na Cyiza ndiye asiyepokea. Orpa alijua kwamba angeulizwa tena angejibu vile vile, na hilo ndilo lililomliza. Alimtamani mchana, alimtamani jioni, alimtamani hata alipokuwa amemkasirikia kwa kutopokea. Safari ilipokaribia, uvumilivu ukamshinda. Akavaa kile kitenge cha kijani, akaenda zizini kwa kina Cyiza saa ya kukamua.

"Umekosa njia," Cyiza alisema bila kuinua kichwa. "Hapa hatuuzishe maharagi."

"Tunaenda ng'ambo, Cyiza. Gradi atapasuliwa kule. Kama ningesema nakujua, dosie ingerudia mwanzo, na ng'ombe zile zote hazingetosha."

Mikono ya Cyiza ikasimama.

"Ungeniambia."

"Papa alikataza tusiambie batu."

"Mi ni batu?"

"Hapana. Nimekosa." Machozi yalikuwa yameshaanza. "Niliogopa ukijua utaniambia niende. Sikutaka kusikia ukisema vile."

Ng'ombe akapiga kwato kwa kuchoka kungoja.

"Basi sisemi," alijibu. "Utaenda, lakini mi sisemi."

Wakacheka, na kucheka kukaishia kifuani mwa Cyiza, kilio kitupu.

Asubuhi ya safari mvua ilikuwa imenyesha. Cyiza alimbeba Gradi mgongoni kuvuka matope mpaka mlangoni mwa basi, ambako afisa wa safari, mama wa Kiganda, alikuwa anawahakiki watu.

"Orpa! Wewe iko na bwana?"

Jibu alilijua, na lilikuwa la kweli, ila Orpa akamgeukia Cyiza. Afisa akainua macho, akamwona Cyiza.

"Na huyu? Ni nani yenu?"

"Mi ni jirani," alisema Cyiza. "Huyu dada hana bwana. Andika."

Akapanda, akamketisha Gradi, akamfunga vifungo vya sweta kimoja kimoja. Akashuka bila kumtazama Orpa. Injini ilipowaka, simu yake ikaita.

"Jirani," alisema Orpa kutoka dirishani.

"Naam, jirani."

"Gradi akipona nitakuita. Utakuja?"

"Na ng'ombe ao bila ng'ombe?"

"Wewe tu."

Basi likaondoka. Cyiza akatembea kando yake, kisha akakimbia, kisha akabaki nyuma, na Orpa akaendelea kumsikia akihema kwenye simu.

"Nenda," Cyiza alisema mwishowe. "Nimesema. Nenda, mupenzi."